Kutalii Kampala Ukitokea Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wa Mwanza wengi tunaijua Kampala ya mzigo, ya hospitali na ya harusi za ndugu. Majibu haya ni ya yule anayetaka kwenda kuangalia jiji lenyewe, au aliyeshapanga safari ya biashara na anajiuliza kama inafaa kuongeza siku mbili. Inafaa.

Kampala si mji wa kununulia mzigo tu? Kuna nini cha kutalii?

Wanaouliza hivi mara nyingi ni watu walioshafika. Wameingia usiku, wamelala gesti ya jirani na stendi, asubuhi wamezama kwenye masoko ya Kikuubo na Owino, jioni wamefunga mabegi na kupanda basi. Wanachokumbuka ni foleni, vumbi na kelele za makondakta. Hayo yote yapo, tena kwa wingi. Lakini hilo ni bondeni. Kampala yenye historia iko juu ya vilima, na mtu anaweza kwenda na kurudi miaka yote bila kupanda hata kimoja.

Jiji lilianza na vilima saba, na karibu kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Mengo wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Rubaga wa Wakatoliki. Namirembe wa Waanglikana. Kibuli wa Waislamu. Kampala Kongwe, wenyewe wanaiita Old Kampala, ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome ya Waingereza mwaka 1890. Ukisimama kwenye kimoja unaviona vingine, kila kimoja na kuba lake au mnara wake, na hapo ndipo unapoelewa kwa macho jinsi wafalme, mapadri, masheikh na wakoloni walivyokuwa wakichungana. Hakuna jiji jingine Afrika Mashariki ambalo ugomvi wake wa karne ya 19 bado unaonekana kwa kugeuza shingo tu.

Leo vilima vilivyojengwa ni vingi zaidi ya saba. Sensa ya 2024 ilikuta watu wapatao milioni 1.8 wanaolala ndani ya mipaka ya jiji. Mchana, wakiingia na wa Wakiso na Mukono, ni habari nyingine.

Historia ya Buganda inatuhusu nini sisi wa upande huu wa ziwa?

Mengi kuliko tulivyofundishwa shuleni. Kabla ya mipaka, ziwa lilikuwa barabara, na mtu wa kwenda kwa Kabaka alipitia kwetu.

Stanley alifika Kageye, Magu ya leo, Februari 1875. Hapo ndipo alipounganisha vipande vya mashua yake, Lady Alice, akaanza kulizunguka ziwa hadi kwa Kabaka Mutesa I. Miaka minne baadaye Padri Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi wakitokea kusini, wakashuka Entebbe tarehe 17 Februari 1879, na Ukatoliki wa Uganda unahesabiwa tangu siku hiyo. Mambo yalipowachachia mapadri wale, walirudi huku kusini na kufungua misheni ya Bukumbi, pale Misungwi.

Sasa sikia hili. Kabaka Mwanga II, yule aliyeamuru mashahidi wa Uganda wauawe, alipinduliwa Septemba 1888. Alikimbilia wapi? Alivuka ziwa akaja Magu, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Walipomchosha, akaenda kuomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadri wa dini ileile aliyokuwa akiwachoma vijana wake kwa ajili yake. Wakampokea. Mwaka uliofuata akarudi kwao kupigania kiti akiwa na jeshi la Wakristo. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa vita kule Buddu, akavuka tena mpaka na safari hii Wajerumani wakamweka kizuizini. Mwishowe Waingereza walimpeleka Ushelisheli, akafia huko 1903. Mifupa yake ilirudishwa 1910, na sasa amelala Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda.

Ukiwa Namirembe, ulizia kaburi la Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyewachapishia Waganda maandiko ya kwanza. Alifariki kwa malaria mwaka 1890 Usambiro, kusini mwa ziwa, na mabaki yake hayakuhamishiwa Kampala hadi 1927. Miaka 37 alikuwa wa kwetu.

Kuna pia Makerere, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi. Mwalimu Nyerere alisomea ualimu hapo kuanzia 1943 hadi 1945, na Benjamin Mkapa naye alihitimu hapo 1962. Jengo kuu jeupe liliungua Septemba 2020 na limejengwa upya kwa sura yake ya zamani. Kuzunguka eneo la chuo ni matembezi mazuri ya asubuhi, chini ya miti.

Na bila shaka kuna tarehe 11 Aprili 1979, wanajeshi wetu walipoiteka Kampala na kumaliza utawala wa Idi Amin. Wazee wa Kampala wanaijua siku hiyo kwa kumbukumbu zinazotofautiana, kwa hiyo msikilize mzee kwanza kabla hujamweleza wewe.

Nina siku mbili tu. Nianzie wapi?

Siku ya kwanza anza asubuhi na Msikiti wa Taifa pale Kampala Kongwe, panda mnara, ulione jiji zima kabla ya kuingia ndani yake. Kisha Mengo na ikulu ya Lubiri, kisha Kasubi mchana. Siku ya pili nenda mapema Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, rudi Makumbusho ya Uganda, na jioni kaangalie ngoma za kundi la Ndere ikiwa ni siku yao ya kucheza.

Rubaga na Namirembe ziko jirani na Mengo, unaweza kuzipitia kwa miguu kama magoti yanaruhusu. Usijaze zaidi ya hapo. Foleni ya Kampala itakula nusu ya ratiba ya mtu yeyote mwenye tamaa.

Nimesikia makaburi ya Kasubi yaliungua. Bado kuna cha kuona?

Yaliungua, ndiyo, usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ile nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea yote. UNESCO, iliyokuwa imeitambua Kasubi kuwa urithi wa dunia tangu 2001, ikaiingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ukarabati ulichukua zaidi ya miaka kumi na jina likaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2023.

Ilichelewa kwa sababu haikuwa kazi ya mkandarasi tu. Kuezeka nyumba ile ni jukumu la ukoo maalumu, kuna miiko, kuna nyasi za aina fulani, na ndani ya paa kuna duara 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Huwezi kuipigia bati halafu ukasema umemaliza.

Jengo la kwanza lilikuwa ikulu ya Mutesa I, iliyojengwa 1882. Alipofariki 1884 akazikwa humohumo, na desturi ikabadilika: zamani kila Kabaka alikuwa na kaburi lake mbali, lakini Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II wote wameletwa hapa. Makaburi yenyewe huyaoni. Yako nyuma ya pazia la gome la mti, sehemu wanayoiita msitu, na kwa imani yao Kabaka hafi bali anaingia msituni. Utakuta akina mama wakilinda, wameketi kwenye mikeka. Unavua viatu, unaketi chini, na mwanamke huvaa sketi au kujifunga khanga. Bebeni khanga zenu kutoka nyumbani, ni bora kuliko ya kuazima getini.

Lubiri ni ikulu ya kuangalia kwa nje tu?

Jumba lenyewe, Twekobe, ni la nje. Kinachowapeleka watu ndani ya ua ni vitu viwili. Cha kwanza ni kisa cha tarehe 24 Mei 1966: Milton Obote, Waziri Mkuu aliyekuwa ameshajitwalia urais, alituma jeshi chini ya Idi Amin kushambulia ikulu, na Mutesa II, Kabaka aliyekuwa pia Rais wa nchi hadi Obote alipomwondoa mapema mwaka huo, akaruka ukuta na kukimbilia uhamishoni Uingereza. Alifia London 1969. Falme zilifutwa 1967 na hazikurudi hadi 1993.

Cha pili ni mahandaki. Yalichimbwa kuwa ghala la silaha enzi za Amin, yakageuka kuwa vyumba vya mateso. Ni korido ya zege yenye giza, vyumba upande mmoja, na sakafu ya korido iko chini zaidi ili ijazwe maji. Waelekezaji husimulia kuwa maji hayo yalitiwa umeme ili mfungwa asiweze kutoka. Ukutani kuna alama za viganja. Watoto wadogo waache nje na mtu wa kuwaangalia.

Kuanzia getini kuna barabara iliyonyooka hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda. Tembea kwa miguu, ni karibu.

Mimi si Muislamu. Naruhusiwa kupanda mnara wa msikiti?

Unaruhusiwa, isipokuwa wakati wa swala, na Ijumaa mchana usijisumbue. Kuna tiketi na mwelekezaji, na wanawake hupewa nguo ya kujistiri kama walivyovaa havitoshi. Ujenzi ulianza enzi za Amin miaka ya 1970, ukakwama, ukamalizwa kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya na kufunguliwa rasmi 2008. Wenyeji wengi bado wanauita wa Gaddafi.

Ngazi za mnara ni kama 300. Ukifika juu, mwambie mwelekezaji akuonyeshe vilima kimoja kimoja na akutajie ni cha nani. Atafanya hivyo hata usipomwambia, lakini ukimuuliza anaongea kwa raha zaidi.

Niende Namugongo tarehe 3 Juni au siku nyingine?

Inategemea unakwenda kuhiji au kutalii. Kama unahiji, nenda Juni. Mahujaji hutembea kwa miguu siku na siku kutoka pembe zote za Uganda, Kenya na Rwanda, na kutoka kwetu parokia nyingi za Kanda ya Ziwa huandaa mabasi. Tarehe 3 Juni 1886 ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto pale, na altare ya basilika imewekwa mahali inaposemekana ndipo Lwanga alipofia. Mashahidi wanaotajwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887, si wote Namugongo. Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na 1969 yeye mwenyewe akaja Uganda, Papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika.

Kama unataka kuangalia na kutafakari, siku ya kawaida ya katikati ya wiki ni bora mara elfu. Utaiona basilika ilivyojengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na nguzo zake 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki, bila kusukumwa na mtu. Eneo la Waanglikana liko jirani, na mimi naliona linasimulia vizuri zaidi jinsi watu wale walivyouawa. Sanamu zake hazimbembelezi mtazamaji. Watu wengi wa makundi yetu hawaingii huko kwa kuwa si la dhehebu lao. Ingieni.

Wachache hutaja kwamba Namugongo ilikuwa mahali pa kuulia watu kabla ya Wakristo. Waislamu waliokataa kumtii Mutesa I waliuawa hapo mwaka 1876, na wana msikiti wao wa kumbukumbu.

Niende kwa barabara au meli?

Njia inayotumika zaidi ni barabara ya magharibi. Unatoka stendi ya Nyegezi, unavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kutuondolea ile adha ya kupanga foleni ya kivuko, kisha Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kilomita 80 hivi, na njiani unapita Kyaka, daraja lililolipuliwa na jeshi la Amin Novemba 1978. Mutukula hadi Kampala ni kilomita 200 na ushee kupitia Kyotera na Masaka.

Yapo mabasi ya moja kwa moja. Binafsi napendelea kuikata safari: meli ya usiku hadi Bukoba, kulala Bukoba siku moja, kisha gari la mpakani. MV Victoria ilikarabatiwa na kurudi majini 2020, na kulala kitandani ziwani ni starehe ambayo kiti cha basi hakiwezi kukupa. Ratiba ulizia bandarini wiki hiyohiyo unayosafiri.

Upande wa Uganda, usilale baada ya Masaka. Lukaya wauza mishikaki, kuku na ndizi za kuchoma huvamia madirisha ya gari kabla halijasimama, na muda mfupi baadaye, Kayabwe, unavuka ikweta. Mabasi ya kawaida hayasimami pale. Kama mmekodi gari, mwambieni dereva mapema, mpige picha kwenye ile duara nyeupe.

Nahitaji viza? Na kadi ya manjano?

Mtanzania hahitaji viza. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji mkoani. Kitambulisho cha NIDA pekee usikitegemee, hata kama jirani yako alipita nacho. Watoto nao wawe na hati zao.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaulizwa, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Chanja angalau siku kumi kabla. Chanjo moja inatosha maisha yote. Kuna vijana Mutukula watakaokuambia wanaweza "kukusaidia" kadi papo hapo. Wapite.

Mkienda na gari lenu, bima ya hapa haitoshi: chukueni ile ya COMESA, nayo inaitwa kadi ya njano, kwa hiyo afisa akikuuliza kadi ya njano muulize kwanza ni ya mwili au ya gari.

Fedha nibadilishe wapi?

Kiasi kidogo mpakani kwa ajili ya chakula na nauli, kingine Kampala mjini kwenye maduka ya kubadilisha fedha. Shilingi yetu moja inapata zaidi ya shilingi moja ya Uganda, kwa hiyo utapewa noti nyingi na utajisikia tajiri. Raha hiyo inaisha ukisikia bei. Zoea kugawanya kichwani kabla ya kukubali bei yoyote.

Wa mpakani ni wepesi wa vidole. Hesabu mwenyewe, mbele yake, na ukishahesabu usimrudishie "ahakikishe".

Kiswahili kinatosha?

Kwa kula, kulala na kununua, ndiyo. Madereva, wafanyabiashara, askari na vijana wengi wanakijua, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini lugha ya mtaani Kampala ni Kiganda, kisha Kiingereza. Baadhi ya watu wazima hawakipendi Kiswahili kwa sababu walikisikia kwanza kwa askari waliokuwa wakiwapora, na hilo si kosa lako wala lao. Usianze na amri ya "lete hiki". Anza na salamu: ssebo kwa mwanamume, nnyabo kwa mwanamke, webale ukishapewa. Ukiwa na Mhaya kwenye msafara, mtangulize mbele, atajikuta anaelewa nusu ya mazungumzo.

Saa hazina shida. Waganda nao wanahesabu saa moja asubuhi kama sisi.

Mjini nitembeeje?

Hiace zao, nyeupe zenye mkanda wa bluu, zinaitwa takisi. Kwa hiyo ukiomba takisi utaelekezwa kwenye gari la watu 14. Gari la kukodi peke yako wanaita speshi. Bodaboda ndizo zinazokwenda. Tumia zile za kuita kwa simu, bei inajulikana kabla na dereva ana helmeti ya ziada. Ukichukua ya barabarani, patana kabla hujakaa.

Asubuhi kabla ya saa mbili na jioni kuanzia saa kumi, usipange kuvuka jiji kwa gari.

Chakula je? Mimi bila ugali sijala.

Ugali upo, unaitwa posho, na Waganda wengi wanaona ni chakula cha bweni. Utakachowekewa mbele ni matoke. Si kama ndizi za Bukoba zinazochemshwa na maharage au samaki zikabaki nzima. Hapa zinamenywa, zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinapikwa kwa mvuke saa nyingi, kisha zinapondwa ndani ya majani hayohayo hadi ziwe laini na za njano. Zinaliwa moto na mchuzi wa karanga wenye rangi ya waridi iliyofifia. Ukipata luwombo, yaani kuku au nyama iliyopikwa ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa kwa moto, usiulize bei, kula kwanza.

Mtaani kuna roleksi: chapati iliyoviringishwa na mayai, kabeji na nyanya. Kijana anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anakatia vitunguu na nyanya humohumo, anakoroga, anamwaga kwenye kikaango cha bapa, na kabla hayajakauka juu anabandika chapati. Dakika tatu imeshafungwa kwenye karatasi. Ni kifungua kinywa, ni chakula cha mchana na, kwa wanafunzi wa Makerere, ni cha usiku pia.

Novemba hivi ni msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, na hapo tena wenzetu wa Kagera hawahitaji maelezo. Samaki unaowajua wana majina mengine: sangara ni mputa, sato ni ngege. Kwa mtu wa Mwanza, bei yake itauma.

Ni salama?

Kwa mtalii mwangalifu, ndiyo. Vibaka wako Owino na kwenye stendi, na simu huporwa dirishani gari likiwa kwenye foleni. Usipige picha askari, vituo vya jeshi wala ikulu ya rais. Usivae nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi. Ukiona mkutano wa siasa au watu wanakimbia, ingia dukani au rudi ulikotoka. Siasa za wenyeji waachie wenyewe, na kwenye gari usichangie.

Nina watoto. Watachoka na makaburi na makanisa.

Watachoka, kweli. Wapeleke Makumbusho ya Uganda, ambayo asili yake ni 1908 na ndiyo kongwe kuliko zote Afrika Mashariki. Ukumbi wa ala za muziki ndio utakaowashika, na nje kuna nyumba za asili za makabila wanazoweza kuingia. Siku nyingine nendeni Entebbe, kilomita 40 hivi, kwenye kituo cha wanyamapori kilichoanza 1952 na bustani ya mimea ya 1898 inayoshuka hadi ufukweni. Kutoka hapo boti huenda kisiwa cha Ngamba, ambako sokwe waliookolewa wanatunzwa tangu 1998. Ni safari ya gharama. Kama bajeti haitoshi, waambieni watoto kuwa Rubondo yetu pia ina sokwe, walioletwa miaka ya 1960.

Ziwa linaonekana Kampala?

Kwa mbali, kutoka juu ya vilima. Kampala imelipa ziwa kisogo kwa namna ambayo mtu aliyezoea kuona Jiwe la Bismarck akiwa kwenye daladala ataona ni ufujaji. Wanaotaka maji huenda Ggaba au Munyonyo, na hoteli za huko hutoza kiingilio ufukweni.

Kwa mtu wa ziwa ningeshauri Jinja badala yake, kilomita 80 hivi mashariki. Hapo ndipo maji yanapotoka na kuwa Mto Nile. Speke, aliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza akiwa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, alifika Jinja Julai 1862 na kuthibitisha alichokuwa akikibahatisha kule kwetu. Chukua boti hadi katikati, mwambie nahodha azime injini. Utaona chombo kinaanza kwenda chenyewe.

Ninunue nini ambacho sikipati Mwanza?

Nguo na mitumba unavijua. Mimi ningenunua lubugo, kitambaa cha gome la mti. Fundi huchuna gome la mti uitwao mutuba msimu wa mvua, analigonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mipana, kisha myembamba, hadi gome linatanuka mara kadhaa ya upana wake na kulainika, rangi ikiwa ya udongo mwekundu. Mti uliochunwa hufungwa majani ya mgomba na mwaka unaofuata unakuwa na gome jipya. Kwa Waganda ni kazi ya ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliitambua mwaka 2005. Kipo kwenye vibanda vya sanaa nyuma ya jumba la Taifa la michezo ya kuigiza, kama kofia, mikoba na picha, lakini omba kipande kitupu, ni bei nafuu na ndicho chenye thamani.

Wakikufungia kwenye mfuko wa plastiki, uache Mutukula. Kwetu umepigwa marufuku tangu Juni 2019, na maafisa wa upande wetu wanafungua mabegi.